Losheni ya jua: kusoma viambato na kujua kama kweli inakukinga

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikishika chupa dukani nianze kuangalia wapi?

Igeuze. Mbele ya chupa ni tangazo. Habari iko nyuma. Tafuta vitu vinne kwa mpangilio huu: namba ya SPF, alama ya kinga ya UVA, majina ya vichujio vya mionzi (viambato vinavyozuia mionzi ya jua), na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikikosa SPF au alama ya UVA, irudishe rafuni hata kama inanukia vizuri na bei imepunguzwa.

Bidhaa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huweka vichujio kwenye kisanduku chao, chini ya maneno "Active Ingredients", kila kimoja na asilimia yake. Za Ulaya huchanganya kila kitu kwenye orodha moja ndefu bila asilimia, vilivyo vingi vikitangulia. Hapo inabidi ujue majina unayoyatafuta, na hayo tunayaeleza hapa chini jinsi yanavyoandikwa kwenye lebo.

SPF inapima nini hasa?

Inapima kinga dhidi ya ngozi kuungua, na kuungua husababishwa zaidi na UVB, aina moja ya mionzi ya jua isiyoonekana (UV); nyingine ni UVA. Maabara hupaka miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, kisha hupima. Kwa kiasi hicho SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya UVB, SPF 30 asilimia 97, na SPF 50 asilimia 98.

Wengi wakiona 97 na 98 husema tofauti ni ndogo, basi wanunue ya bei rahisi. Hesabu kinachopita badala ya kinachozuiwa: kati ya sehemu 100 za mionzi, SPF 30 inapitisha kama 3 na kidogo, SPF 50 inapitisha 2. Kwa anayetoka nyumbani kwenda ofisini hilo si kitu. Kwa mtu mwenye ualbino anayeshinda shambani au sokoni ni tofauti kubwa mwaka mzima. Tena karibu kila mtu hupaka nusu au hata robo ya kiasi cha maabara, na kinga hushuka pamoja na kiasi. SPF 50 iliyopakwa kidogo inakuachia angalau akiba.

Na UVA? Mbona haina namba?

UVA haiunguzi haraka, kwa hiyo haionekani kwenye SPF. Inazama ndani zaidi ya ngozi, inazeesha, inaongeza madoa na inachangia saratani. Inapita pia kwenye kioo cha dirisha, ambacho huzuia sehemu kubwa ya UVB. Dereva anayeendesha kutwa madirisha yakiwa yamefungwa haungui mkono, lakini UVA anaipata.

Alama zake hutofautiana. Ulaya huandika herufi UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA haipungui theluthi moja ya SPF. Bidhaa za Japani na Korea huandika PA na alama za kujumlisha. PA++++ ndiyo ya juu. Marekani huandika "Broad Spectrum", na kipimo chake ni chepesi kuliko vingine, kwa hiyo ukiona maneno hayo peke yake endelea kusoma vichujio.

Zinki na titani, vichujio vya madini, ni salama kuliko vile vinavyoitwa vya "kemikali"?

Zote ni kemikali. Hata ile hadithi kwamba madini yanaakisi mionzi kama kioo si sahihi sana: oksidi ya zinki na dioksidi ya titani hufyonza sehemu kubwa ya UV, na huakisi kidogo tu. Tofauti yenye maana ni kwamba zinabaki juu ya ngozi yenye afya na ni nadra kuleta mzio. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipendekeza sheria ambayo ndani yake hizo mbili tu ndizo zilizotajwa kuwa zina ushahidi wa kutosha wa usalama na ufanisi. Vichujio 12 vingine viliombewa data zaidi, na viwili, PABA na trolamine salicylate, vilikataliwa.

Lakini hizo mbili hazilingani. "Zinc Oxide" inazuia UVB na sehemu kubwa ya UVA. "Titanium Dioxide" ni hodari kwa UVB na mwanzo wa UVA, kisha inaishiwa nguvu. Losheni yenye titani peke yake haitoshi. Ya zinki peke yake, tafuta asilimia 15 hadi 20 au zaidi. Ukiona chupa inajiita ya madini matupu, zinki iko asilimia chache na SPF imeandikwa 50, pitia orodha ya viambato vingine utafute "Butyloctyl Salicylate". Hicho ni ndugu wa vichujio vya kikemikali, kinaongeza SPF bila kutajwa kama kichujio. Si sumu, ila mwenye mzio wa kundi hilo ana haki ya kujua.

Yale majina marefu yana maana gani?

"Butyl Methoxydibenzoylmethane" ni avobenzoni, kichujio kizuri cha UVA chenye udhaifu mmoja: kinavunjikavunjika chenyewe kikikaa juani. Kinahitaji mwenzake wa kukishikilia. Wenzake wazuri ni "Octocrylene" na "Bis-Ethylhexyloxyphenol Methoxyphenyl Triazine". Mwenzake mbaya ni "Ethylhexyl Methoxycinnamate", maarufu kama oktinoksati. Wakikaa pamoja juani wanaharibiana. Chupa yenye avobenzoni na oktinoksati bila mmoja wa wale wazuri, kinga yake ya UVA inaweza kupungua sana kabla saa mbili hazijaisha. Hili ndilo kosa la kiufundi ambalo mnunuzi anaweza kuligundua kwa kusoma lebo tu, na linafaa kuangaliwa kuliko rangi ya kifuniko au picha ya jua.

"Benzophenone-3" ni oksibenzoni. Inaongoza kwa kulalamikiwa, na sehemu ya malalamiko ni ya haki: huleta mzio, hasa mzio unaoamshwa na jua, na huingia mwilini kuliko nyingine nyingi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipunguza kiwango chake hadi asilimia 2.2 kwa losheni za mwili mzima, na kuacha asilimia 6 kwa za uso, mikono na midomo.

"Octocrylene" inaruhusiwa Ulaya hadi asilimia 10. Ina mambo mawili ya kujua. Ikizeeka kwenye chupa hutoa benzofenoni, kwa hiyo usitumie ya msimu wa juzi. Pili, aliyewahi kupata mzio wa jeli ya ketoprofeni, ile ya kuchua mgongo na magoti, anaweza kuwashwa na oktokrileni pia. Aiepuke.

Vile vya kisasa zaidi, kama huo wenye "Triazine" hapo juu, "Ethylhexyl Triazone" na "Diethylamino Hydroxybenzoyl Hexyl Benzoate", havivunjiki juani kirahisi, na vingi vina molekuli kubwa zinazopenya ngozi kwa shida. Kwa maoni yetu losheni ya Ulaya au Asia yenye viwili au vitatu vya hivi ni chaguo zuri kwa asiyetaka weupe wa zinki.

Nimesikia losheni inaingia kwenye damu. Niache?

Usiache. FDA ilichapisha majaribio mawili, 2019 na 2020, yaliyoonyesha kuwa vichujio kadhaa vya kikemikali vinafika kwenye damu kwa zaidi ya nanogramu 0.5 kwa mililita. Namba hiyo si kiwango cha madhara. Ni mstari ambao mtengenezaji akiuvuka anadaiwa uchunguzi zaidi. Washiriki walipakwa robo tatu ya mwili, hadi mara nne kwa siku, na FDA yenyewe ilisema watu waendelee kujipaka.

Mjamzito, mtoto, au mtu atakayejipaka kila siku maisha yake yote, achague zinki ikiwa bei na rangi vinamruhusu. Ila kumnyima mtu mwenye ualbino losheni kwa sababu pekee iliyopo ina oksibenzoni ni kumwondoa kwenye mvua na kumtosa mtoni. Saratani ya ngozi kwake ni hatari inayojulikana, na huanza mapema.

Chembe za nano zinapenya ngozi?

Zinki na titani za nano, yaani zilizosagwa ndogo mno, hazivuki tabaka la nje la ngozi yenye afya. Zisivutwe na pumzi, basi: epuka za poda na za kupuliza. Na ile marufuku ya Ulaya ya mwaka 2022 kuhusu titani ilihusu chakula, si losheni.

Mimi ni mweusi. Ya nini losheni ya jua?

Melanini, rangi ya asili ya ngozi nyeusi, inakinga kweli; vipimo vya zamani vya ngozi viliipa wastani wa SPF 13 hivi, dhidi ya 3 na kitu kwa ngozi nyeupe. Saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni nadra kwa watu weusi. Melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi, inapowapata hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo losheni haina kazi. Doa jeusi jipya kwenye unyayo, au mstari mweusi unaopanuka kwenye kucha moja, linahitaji daktari.

Sababu halisi ya ngozi nyeusi kujipaka ni madoa: melasma ya wakati wa ujauzito na baada yake, alama zinazoachwa na chunusi, weusi wa mashavuni. Madoa haya hayaletwi na UV tu. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao unayakoleza, na vichujio vya kawaida havigusi mwanga huo. Ndiyo maana mtu anajipaka SPF 50 isiyo na rangi kila asubuhi miezi sita na doa liko palepale, kisha anahamia kwenye krimu ya kujichubua.

Kinachozuia mwanga huo ni oksidi za chuma, yaani rangi za udongo zinazoipa losheni rangi ya kahawia. Kwenye lebo huandikwa "Iron Oxides" au CI 77491, CI 77492 na CI 77499: nyekundu, njano na nyeusi. Tafuta losheni yenye rangi inayokaribia ngozi yako na zote tatu ziwemo. Inaondoa pia ule weupe wa majivu ambao zinki inauacha. Ukikosa, paka losheni ya kawaida, isubiri ikauke, kisha foundesheni yenye oksidi za chuma juu yake.

Hii imeandikwa "whitening" na SPF 50. Ni sawa?

Soma kwa makini kabla hujalipa. Zebaki kwenye vipodozi, ambayo huandikwa "mercury", "calomel" au "mercurous chloride", huharibu figo. Haidrokwinoni, "hydroquinone", imepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya. Majina kama "clobetasol" na "betamethasone" ni steroidi. Zinakondesha ngozi hadi mishipa inaonekana, na ngozi iliyokondeshwa inaungua na jua upesi. Bidhaa isiyotaja viambato vyake kabisa ihesabu kuwa inaficha.

Mwanangu ana ualbino. Nifanye nini kila siku?

Nguo kwanza, losheni baadaye. Shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana: liinue kuelekea dirishani, na ukiona mwanga unapenya kirahisi, jua nalo linapenya. Kofia iwe na ukingo wa pande zote wa angalau sentimita 7 au 8. Kapelo inaacha masikio na shingo. Miwani inayozuia UV.

Losheni ni kwa sehemu zilizobaki wazi: uso, masikio mbele na nyuma, shingo yote, migongo ya mikono, juu ya miguu kama anavaa kandambili, na midomo kwa kutumia zeri ya midomo yenye SPF. Akisukwa twende kilioni, ile mistari myeupe ya kichwa kati ya suka na suka inaungua kama uso. Ipake, au avae kofia bila kuivua. SPF 30 ndiyo ya chini kabisa, 50 ni bora.

Piga hesabu ya chupa mapema. Uso, shingo, masikio na migongo ya mikono ya mtu mzima hula mililita 5 hivi kila mara. Kupaka mara mbili kwa siku ni mililita 10, kwa hiyo chupa ya mililita 100 inaisha siku ya kumi. Chupa iliyokaa miezi mitatu inamaanisha hajipaki inavyotakiwa, hata kama anajipaka kila siku.

Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa kupitia kliniki na miradi ya ngozi. Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa losheni kwa waliojiandikisha. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu kabla ya kununua kwa bei ya dukani.

Kagua ngozi yake mara moja kwa mwezi, mchana, mahali penye mwanga. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, gamba gumu linalorudi kila likibanduliwa, au uvimbe unaotoka damu kwa kuguswa, ni wa kupelekwa hospitali bila kusubiri maumivu yaanze.

Nipake kiasi gani na lini?

Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili mirefu, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, kutoka shina hadi ncha. Paka mstari mmoja, utandaze, kisha wa pili. Ukipaka yote kwa mkupuo utaisugua iishie viganjani. Kila mkono, zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Kifua na tumbo, mgongo, na kila mguu, kila sehemu zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Mwili mzima wa mtu mzima ni mililita 33 hivi.

Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili ukiwa nje, na mara tu baada ya kuogelea, kutoka jasho jingi au kujifuta na taulo. "Water resistant" ya Marekani ni dakika 40 au 80 majini, na chupa lazima iseme ni ipi. Hapa kwetu karibu na ikweta jua kali ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, miezi yote. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali. Mawingu mepesi hayasaidii sana, na kila ukipanda mita 1,000 UV inaongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa hiyo ubaridi wa Nairobi au Mbeya usikudanganye.

Mtoto wa chini ya miezi sita akae kivulini na avikwe nguo, asipakwe.

Inaniwasha. Kosa ni la kichujio?

Mara nyingi ni manukato au kihifadhi. Angalia "Parfum", "Fragrance" na "Methylisothiazolinone". Hicho cha mwisho kimekatazwa Ulaya tangu 2017 kwenye bidhaa zinazobaki kwenye ngozi, lakini bado utakikuta kwenye chupa za kwingineko.

Jaribu hivi kabla ya kupaka uso: weka kiasi cha sarafu upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni, siku saba, palepale. Upele ukitoka, acha. Kama kiwiko kiko salama lakini uso unatoka vipele ukienda juani, tazama vimekaa wapi. Vikiwa kwenye paji, mashavu na pua, na vikikosa chini ya kidevu na nyuma ya masikio, huo ni mzio unaoamshwa na jua. Watuhumiwa wa kwanza ni oksibenzoni na oktokrileni. Hamia kwenye zinki.

Macho yakichoma kila ukitoka jasho, avobenzoni na wenzake wanateremka. Zungushia macho zinki, na losheni yako ya kawaida ibaki usoni kwingine.

Mafuta ya nazi, liwa au kalamini je?

Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi, hayaikingi na jua kwa kiwango cha kutegemewa. Liwa ni urembo wa pwani wenye heshima yake, lakini haina SPF iliyopimwa. Kalamini ina zinki ndani yake na inatuliza ngozi iliyoungua, ila haikutengenezwa itande sawasawa. Hilo ndilo tatizo pia la kununua unga wa zinki na kuukoroga kwenye losheni ya mwili nyumbani: chembe hushikana madonge, na kati ya donge na donge kunabaki mianya usiyoiona ambamo jua linapita. Kiwandani hutumia mashine za kusaga na viambato vya kuzitenganisha, kisha hupima.

Natumia dawa. Kuna shida?

Doksisaiklini, kotrimoksazoli ambayo wengi wanaijua kama Septrin, griseofulvini ya fangasi, vidonge vya presha vya haidroklorothiazaidi, na krimu za chunusi zenye retinoidi huifanya ngozi iungue upesi. Usiache dawa, ongeza nguo na losheni, na mweleze aliyekuandikia.

Losheni na dawa ya mbu, ipi kwanza?

Losheni kwanza, ikauke, halafu dawa ya mbu. DEET, kiambato cha dawa nyingi za mbu, hupunguza SPF kwa takriban theluthi, kwa hiyo chagua losheni ya namba kubwa na uwahi kurudia. Bidhaa zinazochanganya zote mbili ziache: losheni hurudiwa kila saa mbili, na DEET haitakiwi kurudiwa hivyo.

Matumbawe?

Palau ilianza kukataza oksibenzoni, oktinoksati na nyingine kadhaa mwaka 2020, na Hawaii ikazuia uuzaji wa hizo mbili kuanzia 2021. Ushahidi mwingi ni wa maabara, na joto la bahari ndilo linaloua matumbawe zaidi. Hata hivyo anayezamia Mafia au Mnemba anaweza kuvaa fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na kupaka zinki usoni tu. Inakinga vizuri kuliko losheni yoyote, na haitoki na maji.

Nitajuaje kama imeharibika au ni feki?

Kopo dogo lililofunguka lililochorwa nyuma, lenye 6M au 12M, ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito chini ya chupa. Maji yakijitenga na mafuta, ikiwa na chembechembe kama semolina, au harufu ikibadilika, itupe: vichujio havijasambaa sawa tena na namba iliyoandikwa haina maana. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kwenye mkoba juu ya mchanga. Ifunge kwenye taulo na iwe kivulini.

Kwenye feki angalia namba ya toleo na tarehe. Ziwe zimechapwa au kugongwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye karatasi ya kubandika inayoweza kubanduka kwa ukucha, na zilingane na za boksi. Angalia kama ina alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, au jina na anwani ya aliyeiingiza nchini. Ukiwa na shaka na uliyokwisha kuinunua, ipeleke na risiti yake ofisi ya TBS au KEBS iliyo karibu, na usiitumie wakati unasubiri majibu.